Mizuka Saba ya Bafta

Oktoba iliyopita tulimzika Mama Mdogo Saada. Wanaume waliporudi kutoka makaburini, Salma bintiye alinichukua kwake Longbridge nikapate japo chai. Nilikuwa sijatia kitu tumboni tangu asubuhi, na mikono bado ilikuwa inanuka karafuu maiti, maana ndiye mimi niliyemuosha mama yake, na Salma alikuwa akinimiminia maji. Kuingia jikoni nikakuta dirishani pametundikwa vitu vyeupe vinne, vimefungwa shingo kwa uzi, vina macho meusi yaliyochorwa kwa kalamu za makapeni. Watoto wake walivitengeneza siku chache kabla ya msiba, kwa ajili ya Halowini, ile sikukuu ya Kizungu ya kutishana kwa mizuka, kwa leso za karatasi na pamba, na katika pirikapirika za maziko hapana aliyekumbuka kuviondoa. Nikashika ukingo wa meza. Salma akaniona, akacheka kidogo kwa macho yaliyovimba, akasema, "Da Raya, si kama ile mizuka yetu ya zamani?" Nikamwambia ndiyo, kama ile. Kisha nikavuta kiti nikakaa nimeipa mgongo.

Salma alikuwa na miaka minane wakati huo. Anachokumbuka ni gundi kwenye vidole, likizo ya shule, na mimi dada yake mkubwa nikicheka nao chini kwenye zulia. Hajui hata nusu ya yaliyofuata, na mama yake hakupata kumwambia. Mimi nimeosha wanawake wetu katika mji huu wa Ulaya kwa miaka ishirini na ushei. Watu huniuliza nilianzaje kazi hii nikiwa bado msichana, wenzangu wakikimbia hata kupita karibu na jeneza. Huwajibu kwa mkato kwamba ni kwa ajili ya Mungu, na wao huridhika, wakaniombea dua. Si uongo, lakini si ukweli wote. Mimi nilianza kwa woga, na woga wenyewe ulianza na karatasi moja kutoka shuleni kwa watoto.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, nakaa kwa Mama Mdogo Bordesley Green, mtaa mwingine wa mji huu huu, katika nyumba nyembamba iliyobanwa na nyingine kulia na kushoto. Juu vyumba viwili na nusu, na hiyo nusu ndiyo niliyolala mimi. Chini, chumba cha mbele kinachotazama barabara kilikuwa cha Bibi, yaani Bi Zawadi, mama yake Baba Salma, mkwewe Mama Mdogo. Hakuwa bibi yangu wa damu, lakini mimi ndiye niliyeshinda naye kutwa, nikimwangalia yeye na watoto wawili, Salma na Nassor wa miaka mitano, wakati Mama Mdogo yuko kazini kwake kwenye nyumba ya wazee na Baba Salma yuko kwenye teksi. Mpango wangu ulikuwa Septemba inayofuata nihamie mji wa Leicester, nikasome, shoga yangu mmoja alikwisha kuniwekea nafasi katika nyumba aliyopanga. Nilihesabu miezi kwa vidole. Chumba cha Bibi kilikuwa na ukungu mweusi kwenye kona ya dirisha. Kila Jumamosi niliusugua kwa dawa, na kila Jumatano ukarudi, na Bibi akasema kuta za Ulaya zinaota ndevu. Alikuwa na pumu, ulimi mkali, na mapenzi makubwa na chipsi za dukani, ambazo alizikamulia ndimu mwenyewe kwa sababu ile siki ya Kizungu, alisema, ni maji ya kusuuzia chupa. Kusifu alikuwa hajui. Ukimpikia boko-boko likatoka vizuri, alilila lote, kisha akauliza kwa nini leo limechelewa.

Siku za likizo ile ya Oktoba kifua kilimzidi, akalazwa hospitali. Nyumba ikawa haina kikohozi chake, na watoto wakapagawa kwa kukosa wa kuwakemea. Shule ilikuwa imewapa karatasi yenye picha: kazi rahisi za mikono za Halowini, za kufanya nyumbani na watoto. Baba Salma aliguna kwamba hayo ni mambo ya mashetani. Mama Mdogo akasema mashetani gani ya karatasi na gundi, wafanyie, Raya, nipate kupumua. Basi tukatandaza magazeti kwenye meza ya jikoni tukaanza. Tulikata trei la mayai tukalipaka rangi nyeusi, kila vijumba vitatu vikawa popo mmoja na mabawa yake. Tulichana karatasi za manila za rangi ya chungwa tukazikunja zikawa maboga. Picha iliyofuata ilikuwa ya bundi, anayetengenezwa kwa kile kigogo cha ndani cha karatasi ya chooni, na hapo mimi nikagoma. Mtu yuko hospitali anatafuta pumzi, kisha mimi nimuite bundi nyumbani kwa mikono yangu? Salma akanibishia kwa Kiingereza, kama kawaida yao watoto wa huku, wanakusikia vizuri na jibu wanakupa la kwao. Nikakaza. Nilijiona mtu mwenye akili kwa kumkataa bundi yule, na kila nikikumbuka hilo, mpaka leo, uso hunipata moto.

Kazi ya mwisho kwenye karatasi ilikuwa mizuka. Ulihitaji kitambaa cheupe kikuukuu ukikate mraba, ufinyange gazeti liwe kichwa, ufunike, ufunge uzi shingoni, uchore macho. Nikapanda juu kwenye kabati la boila, ule mtambo wa kuchemshia maji, tulikoweka mashuka, maana ndipo mahali pekee pakavu katika nyumba ile. Chini ya mataulo nikakuta foronya iliyofifia, ndani yake kitambaa cheupe chepesi kimekunjwa, kirefu, hakina maua wala pindo. Kilikuwa na harufu kali kidogo, nikadhani ni ya vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo. Nikajiambia shuka hili kuukuu hakuna anayelilalia. Nilishuka nalo begani. Mkasi ulipita vizuri sana, kitambaa kilikuwa laini kama kilichofuliwa mara mia, na nakumbuka niliufurahia ule mlio wake. Tukatoa mizuka saba. Nassor akachora macho, mengine makubwa, mengine yamepanda juu, na mmoja alimpa jicho moja tu kwa sababu alisema amelala upande. Tukaitundika dirishani kwenye chumba cha Bibi, itazame barabara.

Mama Mdogo alirudi saa tisa na nusu. Aliiona kabla hajaingia ndani, kwa nje, kupitia kioo. Hakuvua viatu. Alikuja moja kwa moja akashika mmoja, akausugua kwa kidole gumba, akauliza kwa sauti ya chini, "Bafta hii umeitoa wapi?" Nikamwambia kabatini, kwenye foronya. Akakaa kwenye kitanda cha Bibi na koti lake, akaitazama ile mizuka mmoja mmoja. Kisha akawaambia watoto waende juu. Hapo ndipo niliposikia. Ile ilikuwa sanda ya Bibi. Aliinunua alipokwenda kuhiji na marehemu mumewe, akaiosha kwa maji ya zamzam kwa mkono wake, akaianika mwenyewe juani, na tangu hapo ilikuwa inazunguka naye dunia nzima ndani ya sanduku. Ukungu wa chumba chake ulipoanza kuingia kwenye nguo, akaipeleka kwa siri kwenye kabati la boila isiote madoa. Alimwambia mkwewe peke yake. Mimi nilikuwa nimezaliwa na kukulia Unguja, bafta naijua, sanda naijua, lakini kwetu sanda inanunuliwa dukani siku ya msiba. Sikupata kufikiri kwamba mtu anaweza kukaa na yake chini ya mataulo.

Mama Mdogo hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alisema Bibi tangu atie mguu nchi hii hajaomba kitu ila kimoja, azikwe na kitambaa kile. Akasema, "Ukimwambia sasa, na hali aliyo nayo, utamuua. Na akifa bila ya kukusamehe, mwanangu, mimi sitakuwa na la kukusaidia." Nani asiyejua uzito wa radhi ya mzee? Kwetu mtu anaweza kuwa na kila kitu, na radhi ya mtu mmoja ikamfungia mlango duniani na akhera. Nikaanza kuichomoa mizuka. Vichwa vya magazeti vikaanguka, vitambaa vikabaki na mikunjo shingoni. Tukaviloweka, tukavisugua kwa sabuni, lakini yale macho hayakutoka, yalififia tu yakawa ya kijivu, yakizidi kututazama. Siku ya pili Mama Mdogo alikwenda soko la vitambaa mjini akaleta cheupe kingine, tukakifua mara tatu, tukakifukiza udi, tukakitia katika foronya ile ile. Vipande vya zamani akavificha mwenyewe chumbani kwake. Niliwadanganya watoto kwamba mizuka imeruka kwa upepo.

Bibi alirudi baada ya siku tisa, amepungua, mashavu yameingia ndani. Kitu cha kwanza alitaka uji wa pilipili manga. Cha pili alitaka foronya yake. Nilipanda ngazi zile kumi na tatu nikaona kama naupanda mlima. Nilimwekea mapajani. Akakitoa kitambaa, akakiweka puani, akakisugua baina ya vidole viwili taratibu, huku ananitazama mimi wala si kitambaa. Akaniuliza kama ndicho. Nikasema, "Ndicho, Bibi." Akasema haya, akakikunja, akanipa nikirudishe. Hapakuwa na zaidi ya hilo. Lakini nilipofika juu nilikaa chini mbele ya kabati la boila, joto lake likinipiga usoni, na meno yangu yalikuwa yanagongana. Kukata kitambaa kwa kutojua ni kosa. Kumdanganya mgonjwa juu ya sanda yake ni kitu kingine, na hicho nilikifanya kwa kujua.

Kuanzia hapo niliishi roho juu. Nikisikia kikohozi chake nakimbia, nikikisikia kimenyamaza nakimbia zaidi. Nilikuwa nasimama mlangoni mchana anapolala, natazama shuka kifuani kama linapanda na kushuka. Chakula kilikuwa hakinipiti. Siku moja nilikuwa nafagia ngazini nikamsikia Baba Salma na Mama Mdogo jikoni. Baba Salma alikuwa anasema mama yake asafirishwe nyumbani mambo yakitokea. Mama Mdogo akamjibu kwamba Bibi mwenyewe hataki, anasema hatakaa kwenye sanduku la barafu siku nne kama samaki. Halafu nikamsikia Baba Salma, mtu mzima, dereva wa teksi mwenye sauti ya kugombana, anauliza kwa unyonge, "Sasa akifa hapa, nani atamuosha? Watu asiowajua?" Maji ya bomba yakafunguliwa. Nilisikia maneno yale kama habari za watu wengine, maana wakati ule nilikuwa nafikiri mimi peke yangu ndiye ninayeogopa katika nyumba ile.

Siku za mwizi ni arobaini, lakini mimi zangu zilifika hadi Januari. Ilikuwa kiasi cha saa nane mchana, theluji nyembamba imegeuka tope barabarani, watoto wako shule, na mimi na Bibi tu ndani. Alianza kukohoa akiwa anakula chipsi, kisha kikohozi kikageuka mluzi, kisha hata mluzi ukaisha. Midomo ilimbadilika rangi. Nikampa pampu yake ya pumu, haikusaidia, nikapiga simu, nikaambiwa wako njiani. Alinikamata mkono kwa nguvu nisiyoitegemea. Nikaona kabisa, hapa ndipo, anakwenda na uongo wangu. Nikapiga magoti kwenye zulia na chipsi zimemwagika, nikamwambia yote. Kwamba kile kitambaa si chake. Kwamba chake nilikikata kwa mkasi nikawatengenezea watoto midoli ya Halowini, saba, na macho. Kwamba nilimdanganya usoni. Nilisema haraka haraka kama mtu anayesoma kitu kinachoungua. Hakuweza kujibu, alikuwa hana pumzi ya kujibia. Alinitazama tu, macho yamemtoka, mpaka watu wa gari la wagonjwa walipoingia wakamvika ile barakoa ya oksijeni na kumbeba. Nilibaki mlangoni na viatu vya ndani, sijui kama nimemwokoa au nimemmaliza.

Alikaa huko siku nne. Siku ya tano akawa nyumbani, amekalishwa kwenye mito mitatu, akaniita na akataka mlango ufungwe. Akaniambia alijua tangu siku ile nilipomletea. Bafta yake, alisema, ilikuwa pamba tupu, na kile kitambaa cha sokoni kina nailoni ndani yake, kinalia ukikisugua. Alikuwa anangoja nimwambie. Alingoja miezi miwili na nusu. Akalia, na mie sijapata kumwona akilia, akasema marehemu mumewe ndiye aliyemshikia upande mmoja wa kitambaa kile wakati wa kukikamua. Nikambusu mikono, nikambusu miguu, nikamwomba radhi. Akavuta miguu yake.

"Radhi yangu huipati leo," alisema. "Utaipata siku utakayonivisha. Wewe, kwa mikono hiyo hiyo. Ukinivisha sawasawa na mikono isinitetemekee, utakuwa nayo."

Nikamuuliza, huku nalia, nitajuaje, naye atakuwa keshakufa? Akanijibu hilo si langu, nikamletee mkasi.

Basi nikaanza kufundishwa. Siku tatu za mwanzo hakula chakula changu, alikula mkate mkavu na chai ya Mama Mdogo, lakini kufundisha alifundisha. Karatasi za manila zilizobaki kwenye kazi za watoto ndizo tulizotumia, nyeusi na za rangi ya chungwa, na maiti wetu alikuwa mdoli wa Salma. Vipande vitano kwa mwanamke: shuka ya kiunoni, kanzu, ukaya wa kichwani, na mbili za kufunikia. Akanionyesha ipi inatandikwa kwanza, upande gani unakunjwa kabla ya mwingine, wapi pa kufunga. Salma akirudi shule akatukuta tunamfunga mdoli wake kwa karatasi, akadhani ni kazi nyingine ya likizo, akavuta kiti akataka naye apewe wa kwake. Bibi akampa. Mtoto anakunja, anaimba, anauliza kwa Kiingereza kama huyu naye atatundikwa dirishani, na mimi mikono inanitoka jasho mpaka gundi haishiki. Nikikosea, Bibi alinipiga kidole kwa mpini wa mkasi. Hakunitisha kwa maneno ya kaburi wala ya moto. Alisema tu, rudia.

Mwezi wa tatu alimwagiza Mama Mdogo anipeleke chumba cha kuoshea cha msikitini, nikaone. Huko palikuwa na mama mmoja wa Kisomali aliyeongoza kazi hiyo, mnene, mpole, tukazungumza kwa mikono na kwa maneno machache ya Kiarabu tunayoyajua sote. Chumba kilikuwa na vigae vyeupe, mpira wa maji, meza ya chuma yenye mfereji, na joto la redieta lililofanya kila kitu kinuke zaidi. Maiti alikuwa ajuza ambaye sikumjua. Nilipomwona mguu, mguu tu, wenye hina iliyofifia kwenye kucha, nilitoka nje nikatapika kwenye maegesho ya magari. Mama Mdogo akanifuata akaniambia turudi nyumbani, hapana anayenilazimisha. Nikamwambia yuko anayenilazimisha. Nikajikaza kisabuni nikarudi ndani. Mara ya pili nilisimama mpaka mwisho. Mara ya tano nilimimina maji. Woga haukuisha hata mara moja. Nilizoea kuwa nao, mithili ya mtu anayezoea kiatu kinachobana.

Juni yule shoga yangu wa Leicester alinipigia simu akataka jibu, nafasi ya chuo na ya chumba hazingojei. Nilizungumza naye nimesimama jikoni, mlango wa chumba cha Bibi uko wazi, na najua alisikia. Nikamwambia ampe mwingine. Nilipoingia kumpelekea Bibi dawa, kwa hasira sikuweza kumtazama. Nilitaka anione nilivyojinyima. Nilitaka aniambie basi, Raya, nenda, nimekusamehe, maana neno lenyewe ni moja na halina uzito mdomoni. Alimeza dawa. Akaniuliza kama nimekumbuka kwamba nywele zinasukwa misuko mitatu, si miwili.

Alikufa mwezi uliofuata, Alhamisi, kabla ya adhuhuri, mimi niko jikoni nakoroga uji. Nilijua kwa kimya. Nilizima jiko, nikaenda nikakaa kando yake, nikamfumba macho, nikamfunga kidevu kwa leso kama alivyonionyesha kwenye mdoli, kisha ndipo nilipowapigia simu. Baba Salma alikuwa na teksi upande wa pili wa mji, Shard End, akaja analia barabara nzima. Siku ile ile alasiri tukaingia chumba cha vigae: yule mama wa Kisomali, Mama Mdogo, na mimi. Mama wa Kisomali alitaka kutangulia, Mama Mdogo akamshika mkono akamrudisha nyuma. Nikaanza upande wa kulia. Mikono ilitetemeka, siwezi kusema uongo. Ilitetemeka kwenye maji ya mkunazi, ikatetemeka kwenye karafuu maiti, na nilipofika kwenye nywele zake, chache, nyeupe, laini kuliko nilivyotegemea, ilitetemeka vibaya sana hata msuko wa kwanza ukanifumuka. Nikausuka tena. Bafta safari hii ilikuwa pamba tupu, Bibi mwenyewe aliisugua baina ya vidole akaikubali tangu mwezi wa nne. Vile vipande vya zamani alikwisha kuagiza tuvichane viwe vya kufungia, kwa hiyo zamzam yake alikwenda nayo, kichwani, kiunoni na miguuni. Nilifunga cha miguuni, nikafunga cha kiunoni, nikafunga cha kichwani. Kisha nikasimama pale na glavu zangu, nangoja. Sijui nilingoja nini. Mwili ulikuwa umelala mweupe, umekwisha, na hapakuwa na neno, na nikaona kwamba hivi ndivyo itakavyokuwa maisha yangu yote.

Mama Mdogo akanivuta hadi ukumbini. Mikono ya nguo yake ilikuwa imerowa mpaka kwenye viwiko. Akasema Bibi alimwachia neno langu, akamwapisha asiniambie mpaka nimalize fundo la mwisho. Nikamwambia mikono ilitetemeka, aliona mwenyewe. Akasema aliona. Akanipa neno lenyewe, na nililiandika baadaye jioni ile lisije likanipotea, kwa hiyo hili si la kukumbuka tu, ndivyo lilivyokuwa:

"Mwambie nilimsamehe siku ile ile, gari la wagonjwa liko mlangoni. Nilimnyima neno ili aje. Niliogopa asije."

Nililia, lakini nisidhaniwe nililia kwa furaha. Nililia kwa hasira. Miezi sita na nusu mzee yule aliniona nikikonda, aliniona nikishindwa kula, alisikia nikiiachia Leicester kwa simu, na neno analo chini ya ulimi. Mama Mdogo akaniacha nimalize, kisha akasema kwa upole kwamba Bibi hakuwa na binti, na alikuwa kila Alhamisi anamuuliza yeye, Raya bado yupo, hajaondoka? Anauliza hivyo, na mimi niko jikoni, sauti yangu anaisikia.

Nikamwambia Mama Mdogo kwamba Bibi alinikosea, kwamba ningekuja tu. Angenisamehe siku ile ile kwa mdomo wake, akaniomba kwa wema, ningejifunza na ningemvisha, asingehitaji kunitia woga. Nililisema hilo kwa kiapo. Oktoba hiyo iliyopita, nilipokuwa namfunga Mama Mdogo mwenyewe kichwani, Salma analia pembeni na mikono yangu imetulia, nilijiuliza tena kama nilisema kweli, na jibu bado sina.